Kulisha Kikosi cha Filamu Mombasa: Mwongozo Kamili kwa Siku Ndefu za Kazi

Siku moja ya kupiga filamu huchukua saa 12 kwa kawaida, na mara nyingi huzidi hapo. Hapa Mombasa saa hizo huanza kabla jua halijachomoza, kwa kuwa mpigapicha huutaka mwanga wa asubuhi unapogusa maji ya Bandari ya Kale, na huisha baada ya magharibi, mafundi taa wakiwa bado wanakunja nyaya na mashati yamewagandama migongoni. Muda wote huo watu hawa hawana ruhusa ya kutoka kwenda kujitafutia chakula, hivyo aliyekubali kuwalisha amebeba dhamana ya nguvu zao na afya zao. Mwongozo huu nimemwandikia mpishi au mtayarishaji ambaye amekabidhiwa kazi hiyo kwa mara ya kwanza.

Kuna jambo moja ambalo ningependa msomaji alishike tangu sasa. Mlo wa kikosi hupimwa kwa mtu wa mwisho katika foleni. Mtu huyo aghalabu ni mlinzi wa jenereta, dereva wa lori la vifaa, au mwigizaji wa ziada aliyevalishwa kanzu nzito tangu alfajiri. Mikataba ya vyama vya wafanyakazi wa filamu nchini Marekani hutaka watu wale kabla ya saa 6 kupita tangu waripoti kazini, na desturi yao ni kuanza kuhesabu nusu saa ya kula pale mtu wa mwisho anapopokea sahani yake. Mikataba hiyo haitufungi sisi wa pwani ya Kenya, lakini kipimo chenyewe ni cha haki, na nimekifanya kuwa msingi wa hesabu, wa mapishi na wa kugawa.

Hatua ya 1: Hesabu vichwa vyote

Ratiba ya siku inayotolewa na msaidizi wa mwongozaji huorodhesha waigizaji na mafundi, na mpishi mgeni hupika kwa idadi hiyo, kisha hushangaa chakula kikimwishia mkononi. Ratiba hiyo kwa kawaida haiwataji madereva, walinzi, vijana wa mtaa waliokodiwa kubeba vifaa, mama aliyemleta mtoto wake kuigiza, wala mwenye nyumba ambaye ua wake umegeuzwa seti, yaani mahali pa kuigizia. Keti na msaidizi wa mwongozaji jioni ya kuamkia siku ya kazi, mwulize juu ya kila mmoja wa hao, kisha ongeza watu 5 katika kila 50. Mwenye nyumba asisahaulike hata siku moja, kwa maana katika mitaa yetu ni aibu kupika uani kwa mtu na harufu ya pilau ikampita.

Karatasi ya pili unayohitaji ni ya mwiko na mzio. Mpe kila mtu nafasi ya kuandika kama hali nyama, kama karanga au kamba humdhuru, kama maziwa hayamkubali, au kama ana kisukari. Kuhusu halali, ushauri wangu ni kwamba jiko zima liwe la halali, nyama ichukuliwe kwa mchinjaji anayejulikana, na jambo hilo lielezwe kwa watu wote siku ya kwanza. Kwa njia hiyo hutalazimika kutenga sufuria kwa sufuria, na kila mtu atakula bila shaka moyoni. Wasiokula nyama, nao hapa Mombasa ni wengi kuliko mpishi wa bara anavyodhani, watengewe sufuria na upawa wao, na upawa huo usiguse mchuzi mwingine.

Hakikisha pia kwamba kila anayeshika chakula, hata yule anayekatakata vitunguu tu, ana cheti cha afya cha wahudumu wa chakula ambacho bado hakijaisha muda.

Hatua ya 2: Ikague lokesheni kwa macho ya mpishi

Nenda mahali pa kazi siku mbili kabla, na uende saa ile ile ambayo watu watakula, ili ukione kivuli kinapoangukia. Mji wa Kale una vichochoro ambavyo gari halipiti, kwa hiyo sufuria zitafika kwa mkokoteni au mikononi mwa watu, na lazima ujue mapema ni dakika ngapi zinapotea kutoka tuktuk inaposimama hadi mezani. Ngome ya Yesu ni jengo la karne ya 16 ambalo limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2011, kwa hiyo usifikirie kuwasha jiko ndani ya kuta zake. Pika kwingine, na watu wale chakula nje. Ikiwa kazi iko ng'ambo ya Likoni na jiko lako liko kisiwani, usifunge hesabu yako ya muda kwenye kivuko peke yake. Pima pia safari ya kuzungukia barabara ya Dongo Kundu, au, bora zaidi, peleka jiko lote ng'ambo hiyo kabla ya jua kuchomoza.

Jiko linatakiwa kuwa karibu kiasi cha chakula kufika kikiwa moto, na mbali kiasi cha fundi sauti kutosikia mafuta yakichemka. Hili la sauti watu hulidharau. Vinasa sauti vya filamu husikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria kutoka nyuma ya ukuta, na onyesho zuri likiharibika kwa sababu ya sahani zilizoangushwa, waigizaji hulirudia huku wote wakiwa wamechoka. Panga ishara na mtu wa seti: anapoinua mkono, kila kitu jikoni kinasimama, kisu kinabaki hapo hapo juu ya kitunguu, mpaka auteremshe. Upepo nao upangie. Msimu wa kaskazi, takribani Desemba hadi Machi, weka jiko upande wa kusini-magharibi wa seti. Kusi inapovuma, lihamishie kaskazini, ili moshi usiingie kwenye lenzi wala machoni pa watu.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe, sahani na vijiko, haviruhusiwi katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Kwa kikosi kinachopiga filamu ufukweni, maana yake ni sahani za kuoshwa, vikombe vyenye majina ya wenyewe, na mitungi mikubwa ya maji yenye bomba. Hata pasipo sheria ningefanya vivyo hivyo, kwa kuwa nimeona vikombe vya plastiki vikibingirishwa na upepo hadi majini, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuvikimbilia.

Hatua ya 3: Funga milo kwenye saa

Tuchukue siku ambayo watu wanaripoti saa 12 asubuhi. Chai na kitafunio viwe tayari saa 11 na nusu alfajiri, kwa sababu wapambaji na watu wa mavazi hufika mbele ya wengine. Saa 4 pita seti na matunda au muhogo wa kuchemsha. Mlo mkuu uanze saa 6 kamili mchana, na sababu zake ni tatu, ambazo kwa bahati njema zinakubaliana. Ya kwanza ni ile hesabu ya saa 6 tangu kuripoti. Ya pili ni jua, ambalo wakati huo liko utosini, linatia vivuli vyeusi chini ya macho ya waigizaji, na wapigapicha wengi hawalipendi. Ya tatu ni adhuhuri, ambayo huku kwetu huingia baada ya saa 6 kidogo, hivyo mapumziko ya saa moja huwatosha wanaoswali na wasioswali bila mtu kuomba ruhusa ya peke yake. Siku ya Ijumaa omba mapumziko yafike saa 7 na nusu, na sahani za waliokwenda msikitini zitengwe mapema, zikiwa zimefunikwa kawa na si zilizobakia chini ya sufuria.

Saa 10 alasiri ndipo miili hulegea. Chai ya tangawizi na kitu kidogo chenye chumvi, kama bhajia au viazi karai kwa chatne ya ukwaju, hufanya kazi kubwa kuliko soda.

Hatua ya 4: Chagua vyakula vinavyoweza kungoja

Hapa ndipo ninapotofautiana na wapishi wengi wa harusi, ambao ni mabingwa lakini wamezoea watu wanaokwenda kulala baada ya kula. Pilau ya nyama yenye mafuta, ikiliwa saa 6 mchana, hukifanya kikosi kizito hadi saa 9, na mtu anayepanda ngazi na taa ya kilo 20 hapaswi kuwa na usingizi. Siku za kazi nyingi pika wali mweupe au wa nazi, samaki au kuku, mboga ya majani na kachumbari. Pilau iwe ya siku yenye maonyesho mepesi. Biriani ya siku ya mwisho ina faida yake, kwa vile masala na wali hupikwa mbalimbali, na masala yanaweza kukaa juu ya moto mdogo yakimngoja aliyechelewa bila kuharibika.

Asubuhi, hakuna kinachoshinda mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri hubebeka, huliwa kwa mkono mmoja, na mbaazi zinamshikilia mtu hadi saa 4 na zaidi. Waliotoka bara watapenda mayai na mkate, nao wapewe. Na katika siku 3 moja iwe ya sima na sukuma wiki, kwani mtu aliye mbali na kwao hufarijika sana na chakula alichokizoea. Vyakula vya kukaanga vinavyolainika vikingoja, kama chipsi, viache kabisa. Mchuzi wa manjano usiwafikie waigizaji waliovaa nguo za seti kabla hujawafunika; niko na leso sita za zamani ambazo huzifunga shingoni mwao zikashuka hadi magotini, maana doa la manjano kwenye kanzu nyeupe halitoki siku hiyo.

Chakula kinachoonekana ndani ya filamu ni habari nyingine. Mwigizaji anayekula sambusa katika onyesho atazila mara 10 au 15 onyesho likirudiwa, kwa hiyo zipike ndogo, zisizo na pilipili kali, na uzihifadhi kwa uangalifu ule ule wa mlo wa kweli. Mpe bakuli la kutemea na usione haya.

Hatua ya 5: Vipimo vya watu 50

Mchele kilo 6 hutosha, yaani gramu 120 kwa kila mtu kabla ya kupikwa. Ukipika wali wa nazi, weka nazi 2 kwa kila kilo. Samaki wa vipande, kama nguru, nunua kilo 10 baada ya kuondoa kichwa na matumbo. Nyama yenye mifupa vilevile kilo 10 hadi 12. Mbaazi kavu kilo 4 kwa asubuhi, na mahamri 150, kwa hesabu ya 3 kila mmoja. Chai ya asubuhi ni lita 20, nayo ipikwe bila sukari, sukari iwekwe kando, ili mwenye kisukari asilazimike kujieleza mbele ya watu. Tikiti maji kilo 13, nazo zikatwe dakika chache tu kabla ya kuliwa.

Maji ndiyo kipimo ambacho watu hukikosea. Kwa siku ya saa 12 katika joto letu, kadiria lita 4 kwa mtu, nazo ni lita 200, yaani mitungi 10 ya lita 20. Yawe maji yaliyosafishwa, kwa kuwa visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi na si salama kunywa bila kutibiwa. Mtu anayetokwa na jasho jingi na kulalamika kichwa aketishwe kivulini, apewe lita moja ya maji safi iliyochanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa au kutapika, huyo ni wa kupelekwa hospitali bila kungoja onyesho limalizike.

Hatua ya 6: Ununuzi

Mboga, viazi, nazi na matunda nunua soko la Kongowea alfajiri. Viungo na vitu vidogo vidogo nunua soko la Marikiti. Kusi inapokaza, vyombo vidogo haviendi mbali baharini, samaki huadimika na bei hupanda, kwa hiyo usimwahidi mtayarishaji samaki wa kila siku katika miezi hiyo. Jodari, nguru na vibua wakiachwa juani hata kwa muda mfupi hujenga sumu iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaangwa. Ulimi humwasha mlaji kama aliyetia pilipili, uso humwiva, na kichwa humpasuka. Nenda sokoni na kasha lenye barafu, samaki atoke kwa muuzaji na kuingia barafuni papo hapo.

Hatua ya 7: Pika kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kula

Machi moja nilipikia kikosi kilichokuwa Mji wa Kale. Kwa hofu ya kuchelewa, wali wangu wa nazi ulikuwa umeiva na kufunikwa saa 3 asubuhi. Mwongozaji alisogeza mlo hadi saa 8 mchana. Nilipofunua sufuria, mvuke haukunipiga usoni. Ulipanda uvuguvugu wenye ukali kama wa tembo la mnazi lililolala, na nilipochukua chembe kati ya vidole ziliteleza, zikaacha utando. Kilo 6 za wali zilimwagwa, na watu waliosimama tangu alfajiri wakala mkate, mayai na ndizi. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sibandiki sufuria ya wali mpaka msaidizi wa mwongozaji aniambie kwa kinywa chake kwamba mlo uko umbali wa saa moja na nusu.

Sababu yake inaeleweka. Vijidudu huzaliana upesi chakula kikiwa kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi. Kanuni inayotumika sana ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika kiwango hicho zaidi ya saa 2, na hewa ikizidi nyuzi 32, kama inavyozidi hapa Februari na Machi, muda huo hupungua kuwa saa 1. Wali una hatari yake ya pekee: mbegu za bakteria iitwayo Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na sumu inayotengenezwa baadaye haiuawi kwa kupasha moto tena. Kwa hiyo wali uliolala nje ni wa kutupwa. Nunua kipimajoto cha chakula, kichomeke katikati ya sufuria, si ukingoni, na usipakue chochote kilicho chini ya nyuzi 60.

Kwa vitendo, hili lina maana ya kuandaa mapema vile visivyoharibika na kuchelewesha vile vinavyoharibika. Vitunguu vikatwe, viungo vitwangwe, samaki akae barafuni na viungo vyake. Nazi zikunwe na tui likamuliwe karibu na saa ya kupika. Tui jepesi liingie mwanzo, na kasimile, yaani tui zito, lingoje mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka bila kukoma, kwani likichemka kwa nguvu hukatika na mchuzi ukaonekana kama uliooza hata kama ni mzima. Pika wali katika sufuria mbili zilizopishana kwa dakika 30. Ya pili ndiyo ya walio nyuma ya foleni, nao wanakula wali uliotoka motoni kama aliokula mwongozaji.

Hatua ya 8: Kupakua

Weka meza mbili zenye vyakula vile vile, foleni iwe nusu. Kabla ya meza, weka ndoo ya maji yenye bomba, sabuni na mtu wa kusimamia. Wahudumu ndio wapakue. Watu wakijipakulia wenyewe, wa mbele huchota nyama na wa nyuma hubakia na rojo. Waanze wale wenye muda mfupi wa kurudi kazini, yaani wapambaji, watu wa mavazi na mafundi wanaopanga onyesho linalofuata. Waliofungwa na kazi yao, kama mwangalizi wa jenereta na mlinzi wa kamera, wapelekewe sahani mwanzoni, wakati foleni bado ndefu. Waigizaji wa ziada wasipewe chakula cha aina nyingine. Nimewahi kuona wakigawiwa mkate na soda huku wengine wakila kuku mbele yao, na sitashiriki tena kazi ya namna hiyo. Mtu wa mwisho akishapokea sahani, mwambie msaidizi wa mwongozaji saa kamili, aiandike.

Hatua ya 9: Mwezi wa Ramadhani na saa za ziada

Ramadhani ikiangukia katika kazi, jaribu kumshawishi mtayarishaji apange siku imalizike kabla ya magharibi, au ianze alasiri na kuendelea usiku. Wasiofunga wapewe chakula chao mahali penye faragha, na waliofunga wapewe kivuli na kazi za jua kali zipunguzwe. Adhana ya magharibi inapolia, tende, maji na uji viwe vimeshafika mikononi mwao, na futari kamili ifuate baada ya sala: viazi vya nazi, muhogo, kaimati, sambusa. Kwa kazi ya usiku kucha, daku ni mlo kamili, uhesabiwe kama mlo wa mchana.

Siku za kawaida zikipita saa 12, kuna mlo wa pili. Usikubali kuambiwa kwamba watu watavumilia kidogo. Mkate wa mofa na mishikaki, au supu yenye ndimu, huliwa haraka na hauhitaji meza. Kahawa tungu na kashata zizungushwe baadaye kwa watakaoendesha magari usiku.

Hatua ya 10: Kufunga jiko

Chakula kilichobaki kikiwa bado moto kigawiwe papo hapo kwa majirani wa lokesheni na walinzi wa usiku. Kilichopita muda wake kimwagwe, kwa maana sadaka isiwe ya kitu ambacho wewe mwenyewe usingemlisha mwanao. Andika daftarini kilichobaki katika kila sufuria, na vichwa vilivyokula kwa kweli, kisha pokea ratiba ya kesho na uhesabu upya. Mbaazi za asubuhi zichaguliwe mawe na kulowekwa kabla hujalala.